Ulimi Wangu kwa Jina la Esperansia

Sivyo, Mzee Sudi. Haikuwa jino tu. Juzi pale dukani kwako ulinikatiza mbele ya watu ukasema, "Binti, saratani haiponi. Ukiona mtu kapona, ujue ile haikuwa saratani. Lako lilikuwa jino tu." Watu wakacheka. Mimi nikachukua sabuni yangu nikaondoka, kwa sababu nikiwa na hasira ulimi hunigomea na maneno hutoka yamelowa mate. Sasa nakujibu kwa kalamu, maana kalamu haijakatwa.

Unasema wote unaowajua walioumwa hiyo wamekufa. Ni kweli. Hata mimi ninaowajua wamekufa. Lakini wewe uliza walipelekwa hospitali lini. Yule jirani yetu wa bondeni alipelekwa shavu limeshatoboka, akinywa maji yanatokea pembeni. Yule mama aliyekuwa akiuza chumvi alipelekwa taya limevimba kama boga, hafungui mdomo hata wa kuingiza kijiko. Hao hawakufa kwa sababu ugonjwa hauponi. Walikufa kwa sababu hakuna mtu aliyewaangalia mdomoni mpaka harufu ilipojaa nyumba. Mimi niliangaliwa mapema kidogo, na hata hiyo mapema nusura tuipoteze wenyewe kwa uwongo wetu. Hilo ndilo nataka kulieleza.

Sista wa parokia ameniomba niandike ili awasomee akina mama wa jumuiya. Nimeandika mara mbili nikachana. Mara hii siachi.

Naitwa Leokadia. Nina miaka ishirini na mbili. Tunakaa kilima cha pili ukitoka Rulenge, tuna migomba, maharage na mihogo, kama watu wote. Mama ni Mhangaza wa hapa hapa. Baba alizaliwa Rwanda, akavuka akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, wakati wa fujo za zamani, kabla ya hizi tulizoziona sisi. Amelima hapa, ameoa hapa, amelipa kodi hapa. Lakini ukimuuliza karatasi inayosema yeye ni wa hapa, hana.

Nilisoma sekondari ya wasichana mpaka kidato cha nne. Kanisani nilikuwa nasoma somo la kwanza kila Jumapili nikiwa likizo, na sauti yangu ilikuwa inafika mpaka kwa wanaume wanaosimama nje. Nilitaka kuwa mwalimu. Mwalimu anakula kwa mdomo wake, kwa hiyo mtaelewa baadaye kwa nini niliogopa.

Jino langu lilianza kuuma nikiwa darasa la sita. Gego la chini, upande wa kushoto. Lilitoboka, na kila usiku lilinipiga mpaka sikioni. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mvuta ugoro. Akachukua kidogo kwa vidole viwili akanisogezea.

"Weka hapa, kati ya jino na ulimi. Usimeze mate."

"Kali, bibi."

"Na jino ni tamu?"

Nikaweka. Kichwa kikazunguka, nikatapika, halafu jino likanyamaza. Hapa kwetu karibu kila nyumba inafanya hivyo. Wa kung'oa meno yuko mbali, na ugoro uko kiunoni mwa bibi. Hakuna aliyeona ni kosa, wala mimi simlaumu. Alinipa alichokuwa nacho.

Nilipokwenda sekondari nilibeba ugoro kwenye kopo dogo la mafuta ya kujipaka. Wasichana wa bwenini wakaniita Kikongwe. "Kikongwe amekuja, mpisheni akae." Kufika kidato cha tatu jino lenyewe lilikuwa limekufa, haliumi tena, lakini ugoro ulibaki. Nilikuwa siwezi kusoma hesabu bila kuuweka. Jino likavunjika nusu, likabaki na ncha kama kigae cha chupa. Kila nikizungumza, kila nikimeza, ile ncha inakwangua ubavu wa ulimi. Nilizoea. Mtu huzoea kitu cha ajabu akiwa nacho kila siku.

Kidonda nilikiona baada ya mtihani wa mwisho. Nilikuwa nimerudi nyumbani, najiangalia kwenye kioo cha baba cha kunyolea ndevu. Ubavu wa ulimi, pale pale kwenye jino, palikuwa na doa jeupe ambalo halitoki kwa kusugua. Katikati ya doa kulikuwa kwekundu. Ukubwa wa punje ya harage.

Hakikuuma. Akina mama, hapo ndipo nataka msikilize. Hakikuuma hata kidogo. Kingeuma ningelia na watu wangehangaika. Kwa kuwa hakikuuma, nilisukutua maji ya chumvi nikaenda kuvuna maharage.

Mwezi wa pili kingo zake zikawa ngumu. Ukigusa kwa kidole unasikia kama umegusa gome la mti. Nikaenda zahanati moja, siitaji. Mganga alinisikiliza huku anaandika. Nikasema, "Nina kidonda ulimini." Akaandika. Akanipa dawa ya zambarau ya kupaka na sindano tano. Hakuniambia nifungue mdomo. Siku zote tano alinichoma matakoni, wala hakuwahi kuuona ulimi wangu. Jirani mmoja akasema nimelishwa sumu kwenye pombe ya ndizi na mwenye wivu wa masomo yangu. Bibi akasema niongeze ugoro. Mimi niliyefika kidato cha nne nikaongeza.

Mwezi wa tatu kikaanza kuuma. Maumivu yalipanda mpaka sikioni, sikio lile lile la zamani. Pilipili sikuweza, ndizi za moto sikuweza, na nikipiga mswaki mate yanatoka na damu. Mdomo ukaanza kunuka. Nikawa naongea na watu nimeweka kiganja mbele. Kanisani nikasema nina mafua, asome mwingine.

Sasa, wakati huo kambi ya wakimbizi wa Rwanda ilikuwa na mwaka wa pili. Mnakumbuka wenyewe. Vilima vilivyokuwa na nyasi na nyani vikawa bluu tupu, maturubai mpaka macho yanachoka. Kuni ziliisha, bei ya ndizi ilipanda, barabara ikajaa malori. Na ndani ya yale maturubai kulikuwa na madaktari, wengi kuliko niliowahi kuwaona maisha yangu yote. Watu wa kwetu walikuwa wanakwenda kutibiwa huko na hawafukuzwi.

Mama akasema, "Mpeleke mtoto kambini."

Baba akasema, "Haendi."

"Kwa nini haendi?"

"Pale wanaandika."

Nikasema, "Baba, wanaandika wagonjwa."

"Wanaandika majina. Wewe hujui karatasi. Jina la mtoto wangu likishakaa kwenye daftari la kambi, siku ya kuambiwa Wanyarwanda wote warudi kwao watakuja na lile daftari mpaka hapa mlangoni. Watasema, huyu ni wetu, na baba yake ni wetu. Nitawaonyesha nini? Jembe?"

Mama akaendelea kumenya ndizi. Mimi nilikasirika, nikatoka nje.

Aliyeleta jibu ni Esperansia. Huyu alikuwa mkimbizi, mama wa watoto wawili, mume wake hakuvuka. Alikuwa anakuja kwetu kulima, tunampa mikungu ya ndizi, anaibeba kichwani nusu siku nzima mpaka kambini. Mwembamba, mcheshi, anakopa Kiswahili neno hapa neno pale. Alikuwa amesikia yote kwa sababu kuta zetu za udongo hazifichi kitu.

"Chukua kadi yangu," akasema. "Kadi ya posho. Waonyeshe hiyo. Mimi siumwi, nina njaa tu."

Baba akafikiri. Akasema hiyo sawa. Jina ni la mwingine, daftari halitatupata.

Tulifurahi. Tuliona tumekuwa wajanja. Kosa letu liko hapo.

Nikaenda na Esperansia. Karani wa hospitali ya maturubai akaitazama kadi, akanitazama mimi.

"Esperansia?"

"Ndiyo."

"Watoto wako wawili?"

"Wamebaki hemani."

Nilisema uwongo kwa ile sauti yangu ya kusomea misa.

Daktari alikuwa Mhindi mfupi, amefunga tochi kwenye paji la uso. Tulimwita Daktari Ramesh. Kiswahili alikuwa amejifunzia kazini, anakivunja lakini kinaeleweka. Hakuniuliza kabila wala kambi. Alisema, "Fungua. Zaidi. Toa ulimi." Akaushika ulimi kwa kitambaa, akauvuta pembeni, akagusa kidonda kwa kidole. Halafu akapapasa shingo yangu polepole, huku na huku, kama mtu anayetafuta sarafu kwenye shuka. Alipomaliza hakutabasamu.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

"Tumbaku?"

Nikaona haya. Nikatoa lile kopo mfukoni. Akalifungua, akanusa, akalifunga.

Akanichoma ganzi, akakata kinyama kidogo ubavuni pa kidonda, akakitia kwenye kichupa. Jino lile lililovunjika akaling'oa siku hiyo hiyo. Akasema nyama itapelekwa Mwanza kupimwa, nirudi baada ya wiki tatu. Kwenye kichupa wakabandika jina: Esperansia.

Wiki tatu zikafika. Kambini wakaanza kuhesabu watu upya, kadi zote zikakusanywa. Bila kadi mimi si Esperansia, na Leokadia hakuwepo kwenye daftari. Nikasubiri. Wiki ya nne, ya tano. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kwa hasira mpaka mama akaninyang'anya panga. Kidonda kilikuwa kimefika ukubwa wa ganda la karanga. Nilikuwa nakipima kwa kidole, mchana kutwa, siwezi kuacha.

Siku moja adhuhuri Esperansia akatokea kwenye migomba. Hakuwa na jembe. Akakaa chini akaomba maji.

"Juzi wameturudishia kadi, na leo nimeitwa kwa kipaza sauti," akasema. "Nikaenda mbio, nikajua wanagawa blanketi. Nesi akaniketisha, akanishika mkono. Akasema, mama, una saratani ya ulimi."

Mama akauliza, "Ukasemaje?"

"Nikasema asante."

Mama akacheka. Alicheka vibaya, mpaka akashika ukuta, na alipomaliza alikuwa analia.

"Subiri, haijaisha," Esperansia akasema. "Akasema, toa ulimi. Nikatoa. Akaangalia, akaita mwenzake akaangalia. Ulimi mzima. Wakasema, Mungu ni mkubwa, au Mwanza wamekosea. Daktari hakuwepo siku hiyo. Karani kapiga mstari kwenye daftari, kaandika kosa. Karatasi yako wameitia kwenye boksi la za kutupwa." Akanigeukia mimi. "Mwana wanjye, mwanangu, hata mimi sikujua niseme nini. Ningesema si mimi, wangechukua kadi. Watoto wanakula kwa hiyo kadi. Lakini nimetembea kuja kukuambia."

Unaona sasa, Mzee Sudi? Hata wao walisema kama wewe. Kapona, basi haikuwa saratani. Wakapiga mstari.

Nikasema naenda. Sikuomba ruhusa. Nikasema, "Baba, naenda kutaja jina langu. Wakitaka kunirudisha Rwanda wanirudishe, nitakwenda nikiwa hai." Baba aliingia ndani. Nikadhani amenisusa. Akatoka amevaa koti lake la harusi na kofia, anasukuma baiskeli.

"Panda," akasema.

Esperansia akakaa kwenye bomba la mbele, mimi nyuma. Kwenye vilima tulishuka tukasukuma. Kufika kwenye meza ya karani baba alivua kofia, akasimama wima kama askari.

"Andika," akasema. "Leokadia. Huyu ndiye mwenye ulimi. Mimi ni baba yake. Nilizaliwa Rwanda, nimevuka mtoto, nimezeekea Rulenge. Andika yote."

Karani akamtazama. "Mzee, hili ni daftari la wagonjwa."

"Najua. Andika."

"Haliendi popote hili. Likijaa tunalitumia kuwashia jiko la chai."

Baba akabaki amesimama na kofia mkononi. Sijawahi kumwona mtu aliyebeba hofu miaka yote hiyo akaambiwa ni ya kuwashia chai. Hakucheka. Alitafuta mahali pa kukaa.

Karani alipoelewa habari ya kadi akakasirika, akaishikilia, akasema Esperansia atafutwa kwenye posho. Daktari Ramesh akatoka na ile tochi yake kichwani. Akasikiliza. Akaenda mwenyewe kwenye boksi, akainama akachambua mpaka akaipata karatasi. Halafu akamwambia karani, "Mpe kadi yake. Watoto hawali sheria." Karani akatoa.

Akaniketisha akasema wazi. "Ni saratani. Ni ndogo. Shingo bado sawa. Ukikatwa sasa, una nafasi nzuri. Ukingoja mpaka mavuno, sijui."

Nikamuuliza, "Kwa nini mimi? Mimi si mzee. Silewi."

Akasema hawezi kuniapia. Labda ugoro, labda lile jino, labda vyote, na wakati mwingine inampata mtu bila sababu inayoonekana. Akachukua boksi tupu la dawa akachora dunia kwa kalamu, vibaya, Afrika ilitoka kama kiatu. Akatia nukta nyingi kwao India na nchi za jirani. Huko watu wanatafuna popoo, kokwa ngumu za kwao, pamoja na tumbaku, wanaume kwa wanawake, na midomo kama yangu alikuwa anaiona kila siku ya kazi. Akatia nukta visiwani mbali huko ambako pia wanatafuna. Akatia Ulaya, kwa wavuta sigara na wanywaji wa pombe kali. Kisha akafika kwetu, akasita, hakutia kitu.

Nikasema, "Sisi hatuna?"

"Mnao. Hakuna anayehesabu. Nchi isiyohesabu inaonekana haina ugonjwa."

Akaniambia kuugua kuko kila mahali, ila kufa kuko zaidi upande wa maskini. Kwa matajiri mtu anaangaliwa meno hata kama haumwi, na doa jeupe linaonwa likiwa doa. Kwa maskini linaonwa likiwa tundu. Hata kwao ni hivyo hivyo, akasema, mwenye nyumba anakuja na doa na mfagizi wake anakuja na tundu. Nilikasirika sana. Miaka minne ya jiografia nilichora ramani za ngano na makaa ya mawe, na hakuna aliyenichorea hii. Na jambo jingine mpaka leo silimezi vizuri. Yule daktari hakuletwa hapa wilayani Ngara kwa ajili yetu. Aliletwa kwa sababu watu waliuawa ng'ambo na wengine wakakimbia. Nimepona kwa mlango huo. Namshukuru Mungu, lakini nashukuru nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nafupisha safari. Lori la shirika la misaada mpaka Biharamulo, basi, kivuko, Mwanza. Baba alikuja nami, na koti lile lile. Daktari mpasuaji alisema atakata ubavu wa ulimi, na tezi za shingo upande huo atazitoa pia kwa usalama. Nikamuuliza kama nitaongea. Akasema, "Utaongea. Siyo kama jana."

Walinipa nusu kaputi nikahesabu mpaka nne. Nilipozinduka nilikuwa na mpira puani wa kupitishia uji, na shingo ina mshono kuanzia chini ya sikio. Mdomo ulikuwa umejaa kitu kinene kama ndizi mbichi. Kilikuwa ulimi wangu wenyewe, umevimba. Mate yalinitoka mchana kutwa, nikawa nalala na taulo kidevuni. Niliandika kwenye daftari, "Maji." Baba akasoma herufi moja moja, maana hakusoma sana, akaniletea majani ya chai, sijui alisoma nini. Nikacheka, na kucheka kuliuma vibaya sana.

Siku ya kumi wakatoa mpira. Nesi mmoja mkali akanipa gazeti. "Soma kwa sauti." Nikasoma. Sauti ilitoka, lakini maneno yalikuwa ya mlevi. Herufi ya r ilikuwa imekwenda kabisa. Nikalia. Nesi akauliza, "Kwenu wapi?" Nikamwonyesha, Ngara. Akasema, "Si huko wenye ndimi nzima wanachanganya r na l, wanasema chakura na kurara? Hawatajua tofauti. Soma." Nilisoma gazeti hilo moja wiki mbili, mpaka matangazo ya vifo nikayajua kwa moyo.

Majibu ya pili yakaja. Kingo za nyama waliyokata zilikuwa safi, na tezi zilikuwa safi. Sikuhitaji mionzi. Lakini wakaniambia, na Daktari Ramesh aliporudia kuniona alisema vile vile: ugonjwa huu una tabia ya kurudi, hasa mwanzoni. Uangaliwe kila baada ya miezi mitatu, hata ukijisikia mzima. Na ugoro basi.

Ugoro niliuacha. Ilikuwa ngumu kuliko kupasuliwa, sitawadanganya. Daktari aliniangalia mara mbili pale kambini, mara zote safi. Halafu mnajua kilichotokea. Wakimbizi wakaambiwa warudi. Barabara ilijaa watu wakitembea na magodoro na masufuria, askari pembeni, mvua juu. Nilikwenda kusimama njiani siku mbili namtafuta Esperansia. Sikumwona. Baba alikaa ndani siku zote hizo, mlango umefungwa. Hakuna aliyekuja na daftari. Na madaktari wakafungasha nao wakaondoka, vilima vikabaki na vigingi na mashimo ya vyoo.

Akina mama, ninachowaambia ni hiki. Mtazamane midomoni. Mpeleke mtoto mwangani, mfungue mdomo, inua ulimi, angalia pembeni na chini. Kidonda au doa ambalo halijaondoka kwa wiki tatu, usilingojee liume. Ukifika kwa mganga asipokuambia ufungue mdomo, fungua mwenyewe. Taja jina lako la kweli. Ugoro na jino ni maadui wawili, usiwalaze pamoja. Bibi zetu tusiwatukane, tuwaangalie na wao midomoni.

Nilitaka kumalizia hapo. Ingekuwa vizuri, Sista angepiga makofi. Lakini nimesema sitawadanganya.

Tangu kambi ifungwe sijaangaliwa. Ni miezi tisa. Nilisema barabara mbaya, nikasema mavuno, nikasema nimepona. Jumatatu nilikula nanasi, likaniwasha upande wa kulia, upande ambao haukukatwa. Nimeangalia kwenye kioo. Kuna kitu cheupe, kidogo. Huenda nimejing'ata. Huenda si kitu. Nimekigusa kwa kidole leo mchana mara ambazo sitazihesabu, na mama alipouliza kwa nini nimenyamaza nikasema nawaza kuandika. Ilikuwa kweli nusu. Naandika ushuhuda wa kuwaambia watu wawahi, na mimi mwenyewe nimekaa juu ya miezi tisa kama kuku.

Najua kwa nini sikwenda. Nilitaka liwe limekwisha. Mzee Sudi, wewe unataka aliyepona awe hakuugua. Mimi nilitaka aliyepona asiulizwe tena. Ni kitu kimoja.

Basi. Kesho asubuhi, kabla mama hajachochea moto, nitamwambia kilichoko mdomoni, nimwonyeshe. Kisha nitashuka mpaka barabara kuu nisimamishe gari lolote linalokwenda Biharamulo, la abiria, la mkaa, la ng'ombe, sitachagua. Hospitalini nitamwambia wa kwanza mwenye koti jeupe naitwa Leokadia, nilikatwa ulimi kwa saratani, na kabla hajashika kalamu nitakuwa nimeshafungua mdomo.